Chipu za Baba Kwenye Majivu

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Evaline alilitoa bati la biskuti chini ya kitanda na kuzikagua chipu za baba yake. Alikuwa Darasa la Sita, katika kijiji cha mlimani upande wa Haydom. Baba yake, Yohanes, alikuwa fundi wa kompyuta mjini Haydom hadi alipofariki mwaka uliopita. Kompyuta kuukuu iliyoshindikana kutengenezwa aliichomoa chipu zake, vipande vidogo vyenye miguu ya chuma pande mbili, akazitunza. Alisema baadhi yake hazitengenezwi tena popote.

Moja ilikuwa ya Evaline. Ilikuwa na dirisha dogo la kioo, nalo limefunikwa kwa stika ya rangi ya fedha. Ndani yake baba alikuwa ameandika programu. Chipu hiyo ikichomekwa kwenye kibao chenye taa nyekundu, jina la Evaline lilipita herufi baada ya herufi. Kibao kilikuwa kimebaki karakana kwa fundi mwenzake baba, Renatus, aliyeahidi kukileta siku moja.

Mwezi wa Juni, wakati wa likizo, Evaline aliona kwamba sponji nyeusi iliyoshika miguu ya chipu imeanza kumomonyoka na kunata. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa sahihi. Lakini hakumuuliza fundi. Mama yake, Fransiska, alikuwa akihifadhi mbegu za maharage wakati huo, na nyumbani kwao mbegu hazikuwahi kuharibika. Zilianikwa juani mpaka zikauke kabisa, zikachanganywa na majivu, zikafungwa ndani ya kibuyu na kuwekwa darini juu ya mafiga, ili moshi ufukuze wadudu.

Evaline alifanya vivyo hivyo. Alibandua stika ili jua lipenye, akazianika chipu juu ya turubai. Kila jioni alizianua kabla ya umande, na kesho yake akazianika tena, mpaka likizo ikakaribia kwisha. Binamu yake Fausta alipita na mbuzi, akasimama kutazama.

“Utazipanda lini?” aliuliza. “Ukivuna kompyuta, usinisahau.”

Evaline alicheka. Mama alimsifu kwa uangalifu wake, akamchagulia kibuyu kizuri. Majivu aliyachekecha Evaline mwenyewe.

Renatus alikuja Jumapili moja ya Desemba, baada ya ibada, mvua zikiwa zimeshaanza. Evaline alimwamkia shikamoo, akapokea mfuko wake. Ndani mlikuwa na kibao. Alikimbia jikoni kushusha kibuyu.

Renatus alimwaga majivu kwenye sinia, akaziokota chipu moja moja. Majivu yalikuwa yamenyonya unyevu, yakagandamana. Miguu mingi ya chipu ilikuwa imeota kutu ya kijani na kahawia, na mingine ilikatika alipoigusa. Aliuliza ni nini kilichotokea. Evaline angeweza kusema dari ilivuja, maana mvua ilikuwa imenyesha kweli. Lakini alieleza yote: jua, stika, majivu, moshi.

Chipu ya Evaline ilikuwa na miguu iliyopakwa dhahabu, haikuwa na kutu. Renatus aliisafisha, akaichomeka kwenye kibao. Taa zote ziliwaka kwa pamoja na kubaki hivyo hivyo. Hakuna herufi iliyopita.

“Imeharibika, baba mdogo?”

“Haijaharibika. Imefutika. Jua likiingia muda mrefu kwenye hilo dirisha, linafuta kilichoandikwa. Ndiyo maana baba yako aliliziba.”

“Hakuna nakala?”

“Nilitafuta karakana nzima baada ya msiba. Hakuna. Nisikudanganye, mwanangu. Hairudi.”

Evaline alilia bila sauti. Mama alisema ni yeye aliyetoa kibuyu, kisha naye akalia. Renatus aliwaacha walie.

Baadaye walifanya kazi. Kwa kuwa alijua zimeliwa na majivu, si maji ya mvua, Renatus aliyaondoa kwa brashi kavu, kisha akafuta miguu kwa spiriti. Zilizoharibika alizitenga. Zilizosalia, ambazo hazikufika nusu, alimwonyesha Evaline namna ya kuzishika kwenye kingo bila kugusa miguu. Waliziweka katika mifuko inayokinga umeme tuli, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Zote ziliingia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na kopo likawekwa kabatini chumbani kwa mama, gizani, mbali na jiko.

“Sikiliza, Evaline,” Renatus alisema. “Uvivu huna, na uongo huna. Hizi zimepona kwa sababu ulisema kweli. Ungesema ni mvua, ningezikausha tu, na majivu yangeendelea kuzila. Lakini bidii haikutosha. Mbegu inaharibiwa na wadudu. Chipu inaharibiwa na unyevu, na hii yenye dirisha inafutwa na mwanga pia. Kabla hujatunza kitu, uliza kwanza kinaharibiwa na nini, na umuulize anayekijua. Mimi nilikuwa hapo mjini tu.”

“Nimeelewa, baba mdogo.”

Ilibaki chipu moja mezani, ile iliyofutika. Evaline alikata kipande cha stika, akaziba lile dirisha ambalo nyuma yake hapakuwa na kitu, akaiweka koponi pamoja na zile nzima. Renatus hakumwambia aitoe.