Suruali Iliyokuwa Inamtosha

"Huu mwandiko ni wako au siyo wako?"

Mpimaji wa ardhi wa jiji alisimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, kofia ya kazi bado kichwani, akiikodolea macho karatasi iliyokuwa mkononi mwa mchumba wake, Fundi.

"Nakuuliza wewe."

"Umeitoa wapi?"

"Ofisini kwenu. Wamemletea baba nakala ya mkataba, karani akaambatisha kimakosa faili lako zima. Nisomee ziara ya tatu."

"Mpenzi, hiyo fomu ni ya..."

"Basi nasoma mwenyewe." Fundi akakohoa kidogo. "'Mwenye kiwanja mgumu. Anamsikiliza binti yake tu, fundi cherehani, hajaolewa. Nipeleke suruali.'"

Jiji lilitaka njia ya waenda kwa miguu kando ya mto, ijengwe miaka ijayo. Kila mwenye kiwanja aliombwa asaini kuruhusu ukanda wa mita tatu: ardhi inabaki yake, watu wanapita. Majirani wote walisaini. Baba yake Fundi alikataa katakata, maana kwenye ukanda ule kuna michungwa minne aliyoipanda marehemu mkewe. Fundi ndiye aliyembembeleza wiki nzima mpaka mzee akalegea.

Na hiyo suruali! Hadithi yake ndiyo iliyowavunja watu mbavu siku ya kuvishana pete: kijana kaleta suruali ipunguzwe, Fundi anapima, kumbe inamtosha kabisa! Wajomba walicheka mpaka machozi. Fundi aliipenda hadithi ile kuliko hata pete yenyewe.

"Mwanzo ilikuwa kazi," Mpimaji alisema. "Sikatai. Baadaye nikakupenda kweli."

"Baadaye lini? Ziara ya ngapi?"

"Mapenzi hayaandikwi kwenye fomu."

"Ziara ya saba umeandika, 'Amesaini.' Tarehe ileile ya pete. Asubuhi pete, mchana sahihi. Baba angekataa, ungenivisha?"

Fundi alimsubiri. Alikuwa radhi hata kudanganywa, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Siku ile... sijui. Leo ningekuvisha."

Sauti ya mzee ikatoka uani. "Mkwe kaja? Mwambie aje anionyeshe vigingi vya njia vinakaa wapi, nijue mchungwa upi unaondoka!"

Mpimaji aliinamisha kichwa, akaondoka bila kuaga.

Jioni simu ya Fundi ikatoa mlio wa ujumbe: "Nimeandika barua ya kuomba mkataba ufutwe. Wakinifukuza kazi, wanifukuze. Nakupenda."

Fundi akamsomea baba yake, kisha akamweleza yote huku analia.

"Mwambie asifute," mzee alisema.

"Baba, lakini miti ya mama!"

"Najua ni ya nani. Nilisaini kwa sababu wewe uliniomba. Mama yako naye hakuwahi kukunyima kitu." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Lakini huyo kijana, mwanangu, hilo siwezi kukuamulia."

Suti ya harusi aliyokuwa akimshonea Mpimaji ilikuwa ukutani, imebaki upindo wa suruali tu. Fundi akakaa kwenye cherehani, akaumaliza taratibu, machozi yakimdondoka kwenye mikono. Hajawahi kumrudishia mteja kazi nusu.

Asubuhi Mpimaji alikuja. Macho mekundu.

"Umepata ujumbe wangu?"

"Nimeupata. Baba kasema usifute. Jaribu hii."

Uso ukamng'aa. Alikwenda nyuma ya pazia, akatoka amevaa suruali ya harusi. Ilimkaa barabara. Fundi akapiga goti, akakagua upindo huu, akakagua na ule, kama siku ya kwanza.

"Imekutosha?"

"Imenitosha kabisa. Ina maana umenisamehe?"

"Nimekusamehe." Fundi alisimama. "Angalia mfukoni."

Akatia mkono. Pete aliyomvisha.

"Nilikupenda tangu ile suruali," Fundi alisema. "Wewe hujui ulianza lini. Nenda nayo. Na vigingi, mwambie mwenzako wa kazini aje kuvipiga."