Koinet Avuka Korongo

Kila asubuhi Koinet hufungua duka lake la vifaa vya ujenzi mjini Kitengela. Anauza saruji, misumari, mabati na rangi. Zamani alikuwa mchungaji, akitembea na ng'ombe kutwa nzima. Siku hizi anakaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, na vijana wake ndio wanaobeba mizigo.

Duka liko karibu na soko la mifugo. Siku ya soko, jamaa na marafiki kutoka pande zote za Kajiado hupitia hapo. Hakuna anayepita bila kula. Koinet huwapeleka kwenye hoteli ya jirani. Na kwa desturi aliyolelewa nayo, mwenyeji hamwachi mgeni ale peke yake. Mgeni akila, mwenyeji naye anakula.

Kwa hivyo asubuhi anakula chapati na chai pamoja na binamu yake. Mchana anakula nyama na ugali pamoja na Isaac, rafiki wa rika lake. Baadaye shemeji anafika kutoka Kiserian, na sahani zinaletwa tena, na soda juu. Jioni mke wake, Waruguru, anapakua chakula nyumbani. Koinet anakula hicho pia, asije mke akaudhika.

Mwili ulinenepa. Watu walimsifu. "Koinet, mji umekukubali!" walisema. Yeye alicheka na kupapasa tumbo lake.

Mama yake, Namunyak, anaishi mbele ya mji mdogo wa Ewuaso Kedong. Gari haliwezi kufika kwake. Linasimama kwenye korongo, bonde jembamba lenye kingo kali na njia ya mawe. Kutoka hapo ni lazima ushuke kwa miguu, kisha upande ng'ambo ya pili. Koinet alipokuwa mtoto alilivuka mbio, akifukuza mbuzi.

Siku moja alikwenda kumwona mama yake, pamoja na Waruguru na binti yao Naisula. Alianza kushuka. Magoti yalimuuma. Pumzi ikakatika. Akakaa juu ya jiwe, jasho likimtiririka. Kisha akageuka, akarudi juu polepole, mke wake akimshika mkono.

Ng'ambo ya pili, mama yake alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Koinet! Mbona husogei?" aliita.

"Ni magoti, Yeyo!" Yeyo ni mama kwa Kimaasai.

"Nimekuwekea maziwa!"

"Naisula atakuja kuchukua!"

"Sikumwekea Naisula. Nimekuwekea wewe."

Koinet alijifuta jasho usoni. Mama akaita tena.

"Mimi siwezi kushuka tena, mtoto wangu. Wewe pia huwezi. Sasa tutaonana wapi?"

Naisula alivuka peke yake, akarudi na kibuyu cha maziwa. Wakapanda gari kurudi Kitengela. Koinet alikishika kile kibuyu mapajani mpaka nyumbani.

Wiki hiyo alinunua majani makavu kutoka kwa mchuuzi aliyepita na mkoba.

"Haya yanakata mwili haraka," mchuuzi alisema. "Usile kitu. Kunywa tu."

Koinet alikunywa maji ya majani hayo asubuhi, mchana na jioni. Mwili ulipungua kweli. Suruali ilianza kumteleza. Lakini alikuwa mkali kwa kila mtu, na kichwa kilimuuma. Siku ya soko alisikia kizunguzungu akiwa dukani. Akajishika kwenye rafu, na mikebe ya rangi ikamwagika juu ya viatu vya mteja.

Jioni hiyo alikula kila kitu kilichokuwa kwenye sufuria. Kesho yake vilevile. Mwili ukarudi kama ulivyokuwa, ukapita.

"Baba," Naisula alisema, "tumbo imerudi, na imekam na rafiki yake."

Waruguru hakucheka. Alikwenda kumwita jirani yao Tabitha. Tabitha ni afisa wa lishe katika kituo cha afya. Majirani humwita Mama Muteti.

"Baba Naisula, kwanza utakuja kituoni upimwe presha na sukari," Tabitha alisema. "Hayo majani uyaache. Hatujui ni ya nini."

"Lakini nilipungua!"

"Ulipungua kwa sababu ya njaa. Kuna mtu anaweza kuishi na njaa miaka yote?"

"Hapana."

"Basi. Tunatafuta kula ambako utaweza mpaka uzeeni. Niambie, siku ya soko unakula nini?"

Koinet akataja yote. Tabitha alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo chakula ni ya nani?"

"Ya wageni."

"Na imeingia kwa tumbo ya nani?"

Waruguru alicheka mpaka akajifuta macho na leso. Koinet alikunja uso.

"Unataka nifukuze watu wetu? Waseme Koinet amekuwa mchoyo?"

"Sijasema ufukuze mtu. Mgeni apewe chakula chake. Wewe kaa naye, kunywa chai bila sukari, mpige hadithi. Anataka kuona sahani yako ama anataka kukuona wewe?"

Koinet alifikiri. "Kwetu mgeni alikuwa anasindikizwa," alisema. "Baba yangu alikuwa anasindikiza mtu mpaka kilima cha pili."

"Na wewe unasindikiza aje?"

"Mimi namwitia bodaboda."

Tabitha aliinua nyusi. Alimtazama tu. Koinet akatazama miguu yake.

"Nimeelewa," alisema.

Kisha Tabitha akaomba sahani tupu. Akaigawa kwa kidole. "Nusu hii ni mboga: sukuma, kabeji, managu. Robo hii ni ugali, mukimo ama wali. Robo inayobaki ni maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Kiu ukate na maji, si soda. Matunda ule yenyewe, usiyafanye juisi. Na usiruke chakula, kwa sababu ukiruka utakuja kula mara mbili."

Akamgeukia Waruguru. "Usimpikie peke yake kama mgonjwa. Nyumba yote ile chakula kimoja. Na mafuta upime na kijiko, usimimine kutoka kwa mtungi."

"Hata mimi?" Naisula aliuliza.

"Hata wewe na hizo chipsi zako."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Chai bila sukari ilimshinda, kwa hivyo alipunguza sukari kidogo kidogo mpaka ulimi ukazoea. Isaac alipofika siku ya soko, alishangaa.

"Koinet, unakunywa chai kavu? Biashara imeanguka?"

"Biashara iko sawa. Wewe kula, mimi niko hapa na wewe."

Isaac alipomaliza, Koinet alisimama. "Twende nikusindikize mpaka sokoni."

"Kwa miguu? Na hili jua?"

"Ulikuwa unafukuza fahali kwa jua hili hili."

Isaac alilalamika njia nzima, lakini walizungumza kuliko walivyokuwa wamezungumza kwa miaka. Baada ya hapo Koinet alisindikiza kila mgeni. Mwanzoni alipumzika njiani. Baadaye wageni ndio walioomba kupumzika.

Watu walianza kunong'ona kwamba ni mgonjwa. Waumini wa kanisa lake walikuja kumwombea. Koinet alishukuru, akawaeleza, akawasindikiza.

Alikwenda kwenye harusi Embulbul, akala pilau na nyama kupita kiasi. Kesho yake alikuwa na huzuni.

"Nimeharibu kila kitu," alimwambia Tabitha. "Leo sitakula."

"Utakula. Sherehe moja si kitu. Mlo unaofuata, rudi kwa sahani yako."

Mwili ulipungua polepole. Kuna miezi haukupungua hata kidogo, lakini Koinet hakuacha. Presha yake, iliyokuwa juu alipopimwa mara ya kwanza, ilishuka. Magoti yalitulia.

Mvua za masika zilipokwisha mwaka uliofuata, familia ilirudi kwenye korongo. Mama alikuwa amesimama ng'ambo, palepale. Koinet alishuka, hatua kwa hatua. Chini alisimama, akavuta pumzi. Kisha akapanda, mke na binti wakimfuata.

"Takwenya, Yeyo," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mama aliitikia salamu. Alimshika mashavu. "Umeugua? Huyu mke wako hakulishi?"

"Anakula, Yeyo!" Waruguru alisema. "Nusu ya sahani ni mboga."

"Majani? Kama mbuzi?"

Wote walicheka. Mama akamiminia mwanawe maziwa. Koinet alikunywa kikombe kimoja, taratibu, akasema ametosheka. Mama alimtazama sana. Kisha akakifunga kibuyu.

Jua lilipoanza kushuka, mama alichukua fimbo yake, akawasindikiza mpaka ukingoni. Akamtemea Koinet mate ya baraka viganjani.

"Mwaka jana uliniuliza tutaonana wapi," Koinet alisema.

Mama alipiga ardhi kwa fimbo, karibu na miguu ya mwanawe.

"Hapa," alisema. "Upande huu."