Ramadhani Iliyoanza Mara Mbili

Maiti ya Mzee Aliasgar ilikutwa Alhamisi asubuhi chini ya magunia ya mbata, ghalani nyuma ya duka lake, Pangani. Daktari wa polisi aliinama, akapima, akainuka upesi.

"Ana siku mbili huyu. Fuvu limepasuka kisogoni."

Inspekta Benedikta hajamaliza kuandika, kishikwambi kikalia mlangoni. Alikuwa amekishika Sakinabai, mke wa marehemu. Aliusoma mstari mpya, kisha akamgeuzia inspekta kioo.

"Leo nimeanza kufunga, alhamdulillah. Usinisubiri kufuturu."

"Nani kaandika, mama?"

"Mume wangu. Akiandika kwenye simu yake, kwangu yanatokea."

Konstebo mmoja alirudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Benedikta si mtu wa kutishwa ovyo, lakini nywele zilimsimama. Mtu amelala sakafuni, kinywa wazi, na bado anaandika!

Mifuko ya marehemu ilipekuliwa. Simu haikuwemo.

Nyumbani, Benedikta aliketi karibu na mjane.

"Shikamoo, mama. Maandishi haya yalianza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Jumanne jioni. Aliandika yuko Mwera, anaangalia nazi. Jana tena, kwamba atakawia."

"Hukumpigia?"

"Nilipiga, hakupokea. Yakaja maandishi tu. Maadamu kishikwambi kinalia, nilijiambia nina mume." Sauti yake ilishuka. "Lakini hili la leo, hapana. Sisi Mabohora tuna kalenda yetu, hatungoji mwezi uonekane. Tumeanza kufunga tangu Jumanne. Daku nilimpikia kwa mikono yangu, akala. Sasa huyu anayeanza leo ni nani?"

Benedikta alilijua jibu nusu. Ni mtu anayengoja mwezi, na simu anayo yeye.

"Programu hiyo ya daftari la pamoja mliwekewa na nani?"

"Miraji, fundi simu wa jirani. Aliiweka kwenye simu, humu, na kwenye kompyuta ya dukani."

Kompyuta ya dukani ilikuwa imeishiwa bando tangu Jumatatu. Benedikta alikataza isiunganishwe na mtandao. Aliweka kishikwambi kando yake, akalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Sukari hapa, sukari pale. Sabuni hapa, sabuni pale. Katika ukurasa wa mambo ya mzee mwenyewe, kishikwambi kilikuwa kitupu. Kompyuta, ambayo bila mtandao haikuweza kufutiwa kutoka kwenye simu, haikuwa tupu:

"Miraji ndiye aliyemgonga yule mtoto Chiku kwa pikipiki, akamuua, akakimbia. Nimempa hadi Ramadhani ianze ajipeleke polisi. Ikianza, nitakwenda mimi."

Kishikwambi kilirudishwa kwa mjane. Simu ilikutwa kibandani kwa Miraji, imechanganywa na simu mbovu. Kituoni, inspekta aliiweka mezani kati yao.

"Ya nani hii?"

"Ya mteja, afande. Mteja simkumbuki."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kazini."

Simu ikawaka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Herufi zilijitokeza moja moja, polepole, kama za mtu asiyezoea kuandika:

"Wewe unayeandika. Mume wangu alianza kufunga Jumanne. Sakina."

Miraji alisukuma kiti nyuma. Midomo ilimkauka, na haikuwa saumu peke yake.

"Aliniambia imeanza," alisema. "Jumanne aliniita ghalani. 'Ramadhani imeanza, twende kituoni.' Nikamwambia, 'Mzee, mwezi bado haujaandama! Mimi ninazo siku!' Akasema, 'Kwangu imeanza.' Akageuka aondoke. Nikamsukuma, akaangukia mzani wa chuma."

"Na maandishi?"

"Nilitaka watu wadhani yuko safarini, mpaka nipate pa kumzika. Leo nimekula daku, nimetia nia. Nikaona na yeye angeandika hivyo."

Benedikta alimtazama kwa chuki ambayo hakujisumbua kuificha.

"Angekungoja mpaka mwezi uandame, ungekuja?"

Miraji aliisukuma simu upande wa inspekta.

"Leo ndiyo Ramadhani yangu, afande," alisema. "Na mpaka mnakuja kunichukua, nilikuwa kibandani, natengeneza simu."