Vidato vya Nyumba ya Matumbawe

Kila siku saa tisa kasorobo alasiri, basi la shule liliwashusha Fridah na Fred mbele ya jengo lao mjini Riyadh. Jengo halikuwa na lifti. Fridah, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye maswali yasiyokwisha, alipanda mbio. Fred, jirani yake, hakukimbia. Alipanda vidato kumi na vinane, akapumzika na kunywa maji, kisha akaendelea. Kwao kulikuwa ghorofa ya tatu. Jumla ilikuwa vidato hamsini na vinne.

Fred alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu yake hujipinda kama mundu, na akichoka sana au akikosa maji, huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali ya mifupa. Mama yake, muuguzi katika hospitali ambako mama yake Fridah pia alifanya kazi, hakumfungia nyumbani kwa sababu hiyo. Alimfundisha kujipima. Basi kila alipoalikwa mahali, Fred aliuliza kwanza, "Vidato vingapi?" Hamsini na kitu aliviweza. Siku aliyopanda themanini alilala kitandani wiki nzima.

Januari 2016, Mwalimu Peris, aliyewafundisha watoto wa Kenya Kiswahili na historia kila Jumamosi, aliwapeleka wanafunzi wake tisa, wakiwemo Fridah na Fred, Jeddah kwa wikendi. Safari ya basi ilikuwa ya karibu kilomita elfu moja. Walifikia kwa Wakenya waliopanga katika mtaa wa Bani Malik, na Ijumaa alasiri, baada ya swala, wakaingia mji mkongwe.

Huko kila mmoja alitembea ameinua shingo. Nyumba zilikuwa ndefu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini. Madirisha makubwa ya mbao zilizochongwa yalitokeza nje ya kuta kama makabati yaliyotundikwa.

"Dirisha lile huitwa roshan," alisema Mwalimu Peris. "Linawakumbusha neno gani?"

"Roshani!" alisema Joy, mmoja wa wanafunzi. "Ile ya kwetu ya kuanika nguo. Hapa walianika nini, Mwalimu?"

"Walijianika wenyewe. Walipata upepo wa bahari bila kuonekana na wapita njia."

Walisimama mbele ya nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa. Mlinzi wake alikuwa Mkenya, Bwana Onesmus kutoka Kakamega.

"Karibuni, watoto wa nyumbani!" alisema. "Yalla, ingieni. Ila mjue, lifti mafi, hakuna. Hata babu wa mwenye nyumba hakuwa nayo."

"Anko, ni vidato vingapi mpaka juu kabisa?" Fred aliuliza.

"Hapo umenishika. Nimeanza kazi Jumatatu, nalinda mlango tu. Huko juu mimi mwenyewe sijafika."

Mwalimu Peris akamgeukia Fridah. "Wewe una miguu myepesi. Panda hadi paani, hesabu vidato, uje utuambie. Fred ataamua kama atapanda au atatungoja."

Fridah alipanda akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika kidato cha thelathini na tano, kwenye ghorofa ya pili, aliona mlango wazi. Ndani, mwanga wa jua ulipenya katika matundu ya roshan na kutawanyika sakafuni vipande vipande. Akaingia. Mahali ambapo lipu ilikuwa imebanduka ukutani, jiwe lilionekana, nalo lilijaa alama ndogo zilizofanana na nyota. Aligusa moja. Kila nyota ilikuwa nyumba ya kiumbe kidogo cha bahari. Je, mawe haya waliyakata kwa shoka au kwa msumeno? Yalikuwa laini yalipotolewa majini? Akatoa daftari, akaanza kuchora.

"Fridah!" Joy alipiga kelele kutoka chini. "Umepanga chumba huko?"

Fridah alishtuka. Kutoka barabarani alikuwa ameona safu tatu za madirisha. Basi ilibaki ghorofa moja, na ghorofa moja ilikuwa kama vidato kumi na saba. Thelathini na tano na kumi na saba. Akashuka mbio.

"Hamsini na viwili," alisema.

"Umefika juu kabisa?" Mwalimu Peris aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Fred alitabasamu. "Viwili pungufu ya vya kwetu! Twendeni."

Walipanda pole pole. Vidato vilikuwa virefu kuliko vya Riyadh, lakini Fred alipumzika kwenye kila ghorofa na kunywa maji. Alipokanyaga cha hamsini na mbili aliinua kichwa. Ngazi ilipinda na kuendelea gizani. Kulikuwa na ghorofa ya nne iliyojengwa kwa kurudi nyuma, isiyoonekana kutoka barabarani, na paa bado lilikuwa juu yake.

"Fridah, nimekosea kuhesabu?"

Fridah aliona uso ukimwaka moto. "Labda," alisema. "Vimebaki vichache tu."

Fred alimwamini, akaendelea. Kwenye kidato cha sitini na sita aliketi ghafla na kushika miguu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Imeanza, Mwalimu," alisema.

Mwalimu Peris alichuchumaa kando yake. "Fridah, sikiliza. Kama vimebaki vitatu vinne, tutampandisha apumzike kwenye upepo. Kama ni vingi, tunamshusha. Vimebaki vingapi?"

Wote walimtazama.

"Sijui, Mwalimu," alisema Fridah. "Niliishia ghorofa ya pili. Nyingine nilikisia."

"Ati nini?" Joy alimaka.

"Nyamaza, Joy. Sawa, tunashuka. Chini tunapajua. Mwite Bwana Onesmus."

Bwana Onesmus alimbeba Fred mgongoni. Lakini vidato havikulingana, na kwa giza lile na mzigo ule hakuweza kuona anapokanyaga.

"Fridah, tangulia," alisema Mwalimu Peris. "Taja kila kidato, na kila kasoro."

Fridah alishuka kinyumenyume, mkono ukutani. "Sitini na tano, kizima. Sitini na nne, kifupi."

"Taratibu, binti. Magoti haya si ya juzi."

"Arobaini na moja, ukingo umelika. Kanyaga kushoto, Anko."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwako."

Hakuruka hata kimoja hadi cha kwanza.

Chini, Fred alilazwa juu ya mkeka. Alikunywa maji, akameza dawa ya maumivu aliyopewa na mama yake, akafunikwa miguu kwa shuka. Mwalimu Peris alimpigia simu mama yake Fred, akaambiwa amwangalie kwa makini: akipata homa au maumivu ya kifua, apelekwe hospitali mara moja. Baada ya saa moja hakukuwa na homa, na maumivu yalianza kutulia.

Fridah aliketi karibu naye. "Nisamehe, Fred. Wewe ulihesabu vizuri. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Nilifikiri kichwa changu kimeharibika," alisema Fred. "Hilo limeniudhi kuliko miguu." Alitazama ngazi. "Sasa huko juu kuna nini?"

"Sijui. Sijafika."

"Nenda basi. Na usiniletee hadithi."

Mwalimu Peris aliitikia kwa kichwa. Fridah alikwenda, akakawia, akarudi akihema.

"Vidato themanini na sita. Kuna paa bapa, tangi la maji na njiwa saba. Bahari haionekani, jengo jipya limeiziba."

"Njiwa saba, au kama saba?"

"Saba. Nilingoja watulie."

Fred alicheka kwa mara ya kwanza tangu aketi ngazini.

Mwalimu Peris hakucheka. "Fridah, sina ugomvi na udadisi wako," alisema. "Ungerudi ukaniambia, 'Nimefika ghorofa ya pili, nimekuta jiwe la ajabu, kwingine sijui,' ningekutuma tena, na Fred angekuwa salama. Kutojua si kosa. Kosa ni kukisia, halafu kukiita kisio hicho hesabu. Ukimpa mtu namba, anaikanyaga kwa uzito wake wote. Hakikisha ipo kabla hajaweka mguu."