Kaa wa Mlimani, Kobe wa Mikese

Kristina alikuwa anapukuchua mahindi. Punje nyeupe na nyekundu zilidondoka kwenye ungo. Mbele yake, mumewe Yakobo alikuwa anafunga mkeka wake kwa kamba.

"Unakwenda wapi, baba Regina?"

"Kwetu Mikese."

"Kwa hilo gari moshi la Wajerumani?"

"Kwa miguu yangu."

Kristina alijua kosa lake. Jana binti yao Regina alirudi kutoka shule ya misheni akilia. Alisimulia hadithi ya sungura kama anavyoisimulia baba yake, wenzake wakamcheka. Kristina akamwambia, "Wewe ni mtoto wa ukoo wangu. Simulia ya kwetu. Hiyo ni ya wageni."

Yakobo alisikia. Miaka kumi alikuwa amelima shamba la ukoo wa mkewe, kama waume wengi wa Uluguru. Sasa aliitwa mgeni.

"Hodi! Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mwalimu."

Mwalimu Alois aliuona mkeka. Aliketi kwenye kinu kilicholazwa, karibu na Regina.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema polepole. "Jana niliwauliza watoto, hadithi ipi ni ya kweli? Swali lilikuwa baya. Regina, lete ungo. Mama asimulie, kisha baba. Panapofanana, weka punje nyeupe. Panapotofautiana, nyekundu. Tusiseme bado nani kakosea."

Kristina akasimulia. Kisha Yakobo, amesimama, mkeka begani.

Sungura alikataa kufanya kazi na wenzake. Nyeupe. Aliiba maji usiku. Nyeupe. Alidanganya walinzi. Nyeupe.

"Kwetu wanyama walizibua chemchemi," alisema Kristina, "na kaa akamnasa sungura mguu."

"Kwetu walichimba kisima," alisema Yakobo. "Kobe alipakwa ulimbo mgongoni, sungura akamkanyaga akaganda."

Regina aliweka nyekundu mbili.

"Sasa tujiulize kwa nini," alisema mwalimu. "Regina, kaa umemwona wapi?"

"Kijitoni, chini ya mawe."

"Na Mikese kiangazi kuna kijito?"

"Hakuna," Yakobo alijibu mwenyewe. "Tunachimba mpaka mikono inachubuka. Kobe ndio wengi." Akatabasamu kidogo. "Huku mlimani kobe angeteleza, angebingirika mpaka Mikese!"

"Na kaa kwenye vumbi lenu angekauka akawa kitoweo," Kristina alimrudishia.

Regina alicheka. "Kumbe kila mmoja alitaja mnyama wa kwao!"

"Umeona mwenyewe," alisema mwalimu. "Kesho uwafundishe wenzako hivyo hivyo. Watasimulia za kwao, na wewe utapanga punje."

Kristina alimgeukia mumewe. "Baba Regina," alisema, "nilisema vibaya. Wewe si mgeni hapa."

Yakobo aliutua mkeka chini, akaufungua kamba.

"Na mwisho?" Regina aliuliza. "Sungura alifanywa nini?"

"Alisamehewa," alisema Kristina.

"Alitoroka!" alisema Yakobo.

Nyekundu ya tatu. Wote walimtazama mwalimu.

"Hiyo sijui sababu yake," alisema Alois. "Labda watoto wengine wana mwisho wa tatu."

Jua lilikuwa linazama. Magunzi yalikuwa machache, mahindi yasiyopukuchuliwa mengi. Kristina aliufunika ungo kwa kanga, kuku wasije wakazila zile punje.

"Yaacheni mahindi," alisema. "Tutaendelea kesho, Regina akirudi kutoka shule."