Afande na Uzi wa Dhahabu

Kwa Nerima, fundi cherehani wa Kisugu, Kampala, Desemba si mwezi. Ni adhabu. Kila mwanamke anataka gomesi yake, lile gauni refu la sherehe lenye mabega yaliyochongoka, kabla ya Krismasi. Kila mmoja anasema yake ndiyo ya haraka.

Nerima anashonea sebuleni. Panya wa Kisugu nao wanapenda vitambaa kuliko wateja. Ndiyo maana nyumba ina Afande. Afande ni paka wa kijivu, mnene, mwenye masharubu ya mkubwa wa polisi. Tangu aanze kazi, hakuna gomesi iliyotobolewa.

Mwaka huu Khaemba, mume wa Nerima, akaleta mti wa Krismasi. Aliununua mbichi, kando ya barabara kule Ntinda. Ulikuwa mrefu mpaka ncha yake ikapinda darini.

"Baba Phelister, huu ni mti au ni msitu?" Nerima aliuliza.

"Ndugu zangu wanakuja kutoka Bungoma. Wakikuta kitawi, watasema Kampala imetushinda."

Khaemba akausimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Akaanza kuupamba. Kamba hakuwa nayo. Je, aliuliza? Thubutu! Alichukua uzi wa dhahabu wa Nerima, ule wa kupambia mishipi ya gomesi. Akafungia mipira ya vioo, kadi, maputo na taa ndogo za umeme. Ncha za uzi zilining'inia kila upande. Zilimetameta na kucheza kwenye upepo wa feni.

Afande alizitazama. Kwa paka, kinachocheza ni cha kukamatwa.

Siku ya kwanza mti ulianguka. Siku ya pili ulianguka juu ya gomesi ya mteja. Siku ya tatu ulimwangukia Khaemba mwenyewe, tonge la ugali likiwa mkononi.

"Paka huyu ana pepo!" alifoka, majani yamejaa kichwani.

"Paka ana akili za paka," Nerima alisema. "Mimi namshangaa mwenye akili za mtu."

"Akiuangusha tena, namtia kwenye gunia nampeleka Nakivubo. Akawakamate panya wa sokoni."

Siku ya nne mti haukuanguka. Afande alikuwa amelala chini ya cherehani. Alikuwa ametapika mara tatu. Phelister, binti yao wa miaka minane, alimwekea mukene, vile visamaki vidogo anavyovipenda. Hakuvinusa hata kidogo.

"Mama," Phelister aliita, "Afande ameota mkia mwingine."

Nerima aliinama. Chini ya mkia ulining'inia uzi wa dhahabu, urefu wa kidole.

"Uzi wangu! Khaemba, ona kazi yako!"

"Jambo dogo hilo. Wewe mshike kichwa. Mimi navuta."

"Wee! Usivute!"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Faridah, jirani yao, Mnubi wa nyumba ya pili. Faridah humsaidia daktari wa wanyama kwenye kliniki. Alikuwa amefuata gauni lake.

"Mama Tamim, ni uzi tu," Khaemba alisema.

Faridah alimgeukia Nerima. "Mama Phelister, wewe ni fundi. Ukivuta uzi wa marinda, kitambaa kinafanyaje?"

"Kinajikunja."

"Na ukivuta kwa nguvu, nacho kitambaa ni laini?"

"Kinachanika."

"Basi utumbo wa paka ni hivyo hivyo. Hapa mnaona ncha moja. Nyingine labda imekwama tumboni, au imejifunga chini ya ulimi. Mkivuta, mnamkata kwa ndani. Atawafia mikononi."

Khaemba alirudisha mkono mfukoni.

"Kwani aliumeza kwa nini?" Phelister aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Alikuwa anacheza tu, bambi, maskini. Ulimi wa paka una vimiiba vinavyoelekea kooni. Uzi ukishika pale, kuutema ni shida."

"Tumpe mafuta ya kupikia, uteleze?" Khaemba alijaribu tena.

"Usimpe mafuta. Usimpe maziwa. Usimpe chochote. Twende kwa daktari sasa hivi!"

Nerima aliacha gomesi tatu mezani. Wateja na waseme watakavyo. Alimweka Afande kwenye kikapu na kumfunika kwa khanga, wakaondoka. Daktari alimpasua siku ile ile.

"Mngengoja mpaka kesho, mngerudi na kikapu kitupu," daktari alisema.

Kwenye benchi, Khaemba aliguna. "Nilitaka tu ndugu zangu waone mti mzuri."

"Wataona," Nerima alijibu. "Kwanza tafuta msumeno."

Kesho yake mti ulikatwa nusu. Faridah alisimamia kazi kama mkandarasi. Shina liliwekwa kwenye ndoo nzito na kufungwa kwa waya kwenye nondo za dirisha. Mipira ya vioo ilitolewa, maana ikivunjika inakata. Maputo yakatolewa pia, maana paka humeza vipande vyake. Badala yake Phelister alikata nyota za karatasi, akazibana juu kwa vibanio vya nguo. Waya wa taa ulipitishwa nyuma ya kabati, Afande asiutafune akapigwa na umeme. Wakitoka, Faridah aliagiza, taa zichomolewe. Majani yaliyoanguka yafagiliwe kila siku. Uzi na sindano vikaingia kwenye kopo lenye kifuniko.

"Mama Tamim," Khaemba alisema, "wewe Mwislamu umejulia wapi mti wa Krismasi?"

"Mimi sijui mti. Najua paka. Kila Desemba nyinyi mnatujazia kliniki."

Siku ya Krismasi ndugu walifika. Sifuna, kaka yake Khaemba, aliutazama ule mti uliofungwa dirishani.

"Mdogo wangu, huu mti umekamatwa kwa kosa gani?"

"Muulize Afande," Nerima alisema.

Afande alikuwa kwenye kochi, tumbo limenyolewa. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza sahani nzima ya mukene. Nerima alikuwa ameukagua mshono wa daktari mara mbili, akakubali kwamba ni kazi ya fundi.

Wakati wa chakula Khaemba alikula kwa bidii. Kifungo cha shati kikaruka. Akainuka, akalisogelea kopo la nyuzi.

Nerima aliacha kutafuna. Phelister aligeuka. Afande naye akainua kichwa.

Khaemba aliinua mikono yote miwili juu.

"Naomba uzi," alisema. "Sijagusa kitu. Naomba tu."