Meza Iliyokatwa Miguu

"Mazoezi haya sifanyi tena! Kila asubuhi unanisimamisha ukutani kama picha, na bega bado linawaka moto!" Mama alikitua kikombe chake kwa kishindo.

"Lakini Mama, mtaalamu wa viungo alisema tusikate tamaa," alijibu binti yake, ambaye kwa wingi wa maneno mtaa mzima ulimwita Chiriku.

"Yeye hapigi pasi mashuka ya nyumba ya wageni! Mkono huu ukigoma, kibanda hiki cha pasi nakifunga. Halafu tutakula ukuta?"

Chiriku alinywea. Hilo ndilo lililomnyima raha. Kwa miaka mingi Mama alipiga pasi nguo za watu akiwa ameinama, hata mabega yakaja mbele kama ya mtu anayehisi baridi. Jana jioni pasi ya mkaa ilimshinda kuinua.

"Mara moja tu, mama'angu," alibembeleza. "Visigino ukutani. Mgongo. Kichwa. Sasa inua mikono kama mwizi aliyekamatwa."

"Mwizi ni wewe, unaniibia muda," Mama alinung'unika, lakini akasimama. Aliteleza mikono ukutani juu na chini, polepole, akiyavuta mabega nyuma. Akashusha pumzi. "Hapa napata nafuu, nisiseme uongo."

Kisha akarudi mezani na kushika shati. Papo hapo mabega yakaanguka mbele, shingo ikachomoza kama ya kobe.

Chiriku alitazama vizuri. Meza ilimfika Mama mapajani.

"Mama, meza ni fupi! Si Baba aliikata miguu nilipokuwa mdogo, ili nami nikunje soksi?"

Mama aliinama kuitazama miguu ya meza. "Kumbe! Wewe umerefuka, meza imebaki pale pale, na mimi nimejikunja mpaka nikasahau."

"Kwa hiyo mazoezi yanajenga asubuhi, meza inabomoa kutwa!"

Kinyozi wa kibanda cha pili, aliyekuja kusikiliza ugomvi, alicheka. "Shemeji, mtoto amekushinda. Matofali yako nyuma kwangu, chukueni."

Mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Nguo zilihamishiwa kwenye benchi, matofali yakaletwa.

"Ahsante, mwanangu," alisema huku akimshika Chiriku begani. "Nimekufokea na hukuniacha. Shika neno hili: mwili ukiuma, usijikaze tu kisabuni. Fanya mazoezi bila kuchoka, kisha utafute kinachokuumiza ukirekebishe. Ukitibu jeraha bila kung'oa mwiba, unajisumbua bure. Haya, kunja magoti, usiinamishe mgongo. Inua!"

Chiriku na Kinyozi waliinua upande mmoja, Mama akasukuma matofali chini ya miguu ya meza. Wakainua wa pili. Mama akaitikisa meza, haikuyumba. Sasa ilimfika kiunoni.

Akachukua pasi, mabega yametulia nyuma, akaanza na kola.